Uzi maalumu: Ukuta unaoitikia mwili wa mtu, na namna ya kuutumia kutangaza filamu zetu Arusha na Moshi

FundiSkrini (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni. Nafungua uzi huu kwa ajili ya watu wa filamu na watu wa matamasha wa huku kaskazini, maana swali ninaloulizwa ni lilelile: ule ukuta unaoitikia mtu akipita mbele yake unatengenezwaje, na kweli unaweza kuwaleta watu kwenye filamu? Shughuli yangu ni skrini na projekta hapa Arusha. Kwa sasa niko na vijana wa Moshi wanaotangaza filamu yao fupi kuhusu mfereji wa asili, ile mifereji ambayo Wachagga wameichimba tangu enzi za mababu kuteremsha maji ya mlimani mpaka kwenye migomba. Nitaitumia kazi hiyo kama mfano uzi mzima ili tusiongee hewani.

Nianze na jambo ninaloliamini kuliko yote. Ukuta wa namna hii unaitangaza filamu pale mtu anapofanya kwa mwili wake kitendo kilichomo ndani ya filamu yenyewe. Nimeona kuta nyingi ambazo ukipunga mkono nyota zinaruka, na bango la filamu limesimamishwa pembeni. Watu wanafurahi, wanapiga picha, wanaondoka. Nyota zile zingeweza kutangaza soda, zingeweza kutangaza benki. Ya filamu hapo hakuna kitu.

Wetu uko hivi. Ukutani kuna mteremko, na maji yanashuka kutoka juu kushoto ndani ya mfereji. Katikati mfereji umebomoka, maji yanamwagika bondeni. Ukisogea, kivuli chako kinaingia ndani ya picha, na maji yakikugonga yanafuata umbo lako: yanapanda kwenye bega, yanateremka na mkono. Ukinyoosha mkono unayaona yanatambaa mpaka kwenye ncha za vidole, halafu yanadondoka. Pengo ni pana, mikono ya mtu mmoja haifiki upande wa pili. Hapo mtu anageuka anamwita mwenzake. Wakishakuwa watatu au wanne, bega kwa bega, maji yanavuka. Migomba iliyonyauka ng'ambo inainuka jani kwa jani, kisha kinaingia kipande cha filamu: mhusika mkuu anawaita wanakijiji kwenye kazi ya mfereji. Mwisho tarehe na mahali pa kuonyeshwa.

Filamu nzima inahusu hicho, kwamba mfereji ni kazi ya watu wengi. Aliyesimama pale ameshalijua hilo kabla hajakata tiketi.

Karibuni kwa maswali. Mambo ya vifaa nitayashusha kadiri mnavyouliza.

Kijana_wa_Majengo

Mkuu, nimeweka kambi hapa. Tuanze na kifaa. Wengine wanasema tumia Kinect, wengine wanasema Kinect ilishakufa. Mimi nina laptopu na kamera yake tu. Naweza kuanza?

FundiSkrini

Unaweza kabisa mdogo wangu, leo hii. Ila ujue kila kifaa kinaona nini.

Kinect ni kamera ya kupima umbali, ilitolewa na Microsoft Novemba 2010 kwa ajili ya michezo ya Xbox 360. Inamwaga vitone vingi vya infraredi ambavyo jicho halivioni, halafu inasoma jinsi vitone vilivyotawanyika juu ya miili na vitu ili kujua kila kitu kiko umbali gani. Ya pili ilikuja 2013 na inatumia njia nyingine: inapima muda ambao mwanga unachukua kwenda na kurudi. Hiyo ya pili inatoa picha ya umbali yenye pikseli 512 kwa 424, mara 30 kwa sekunde, inaona kuanzia nusu mita mpaka mita 4 na nusu, na inaweza kufuata watu sita kwa pamoja, viungo 25 kila mmoja. Microsoft waliacha kuitengeneza 2017, kwa hiyo unayoipata sasa ni ya mtumba. Bado ni kifaa kizuri mno kwa kazi hii. Sharti uwe na adapta yake ya kompyuta na tundu la USB 3.0, vinginevyo umenunua pambo. Baadaye walitoa Azure Kinect, nayo uzalishaji ulisimama Oktoba 2023. Ukitaka kipya dukani, angalia Femto Bolt ya Orbbec inayotumia teknolojia hiyohiyo, au RealSense, zilizoanzishwa na Intel.

Kwa kamera ya laptopu kuna MediaPipe ya Google, ni bure. Inachukua picha ya kawaida na kukisia viungo 33 vya mwili. Kujifunzia ni safi sana. Kwenye tamasha sikushauri, kwa sababu inategemea mwanga wa kawaida. Usiku, kukiwa na taa za rangi zinazozunguka, ngozi zetu na nguo za giza, kamera ya kawaida inahangaika. Kamera inayopima umbali inabeba mwanga wake yenyewe, giza haliisumbui.

Kwa hiyo anza na ulichonacho, jifunze mantiki, halafu tafuta Kinect ya mtumba kabla ya tamasha la kwanza.

Binti_wa_Pasua

Kaka FundiSkrini, asante kwa nondo. Naomba kuuliza: mbona umesema kivuli wakati kifaa kinaweza kufuata viungo? Si ungeweka mhusika wa filamu ukutani, mtu akinyanyua mkono na yeye ananyanyua? Ingependeza zaidi.

FundiSkrini

Dada, umegusa penyewe. Hapa nitakaa kidogo.

Programu ya kufuata viungo imefundishwa kutambua miguu miwili, magoti mawili, nyonga, viwiko. Sasa simama pale mnara wa saa Arusha siku ya sikukuu uangalie watu wanaopita. Mzee wa Kimaasai kajifunga shuka mbili, mikono iko ndani, kashika fimbo. Mama kavaa dera linaloburuza. Kijana katoka msikitini na kanzu. Mama mwingine kambeba mtoto mgongoni kwa kanga. Mtu yuko kwenye kiti cha magurudumu. Kwa watu wote hao programu inaanza kubahatisha: goti linaruka huku na huku, mguu unatokea mahali ambapo hakuna mguu. Ukiweka mhusika wa filamu ukutani anatetemeka kama mwenye homa, na mzee wa watu anaona ametiwa aibu mbele ya kadamnasi. Hawezi kurudi tena hapo, na wajukuu wake hawatamruhusu.

Kivuli hakina shida hiyo. Kifaa kinasema tu: hapa kuna kitu kilichoko kati ya mita 1.2 na mita 3.5. Shuka ikitanuka, kivuli kinatanuka, na maji yanateremka juu ya shuka vizuri kuliko juu ya mkono mtupu. Mama na mtoto wake wanakuwa umbo moja, na wanaziba pengo kubwa zaidi. Tulipokuwa tunaujaribu, mzee mmoja alifungua shuka yake kwa mikono yote miwili akakinga maji yote peke yake, watu wakapiga vigelegele. Hakuna aliyemwelekeza. Nguo yake imekuwa sehemu ya mchezo, na hicho ndicho ninachokitafuta.

Njia hii ina historia ndefu pia. Mmarekani Myron Krueger aliifanya miaka ya 1970 kwa kazi aliyoiita Videoplace: watu waliingia vyumbani, vivuli vyao vikaonekana kwenye skrini vikigusana na vya watu walioko chumba kingine. Alitumia kamera za vidio na kompyuta za zama zile. Leo laptopu ya kawaida inafanya zaidi ya hapo.

Angalizo moja: nguo nyeusi sana na nywele nyeusi hunyonya infraredi, kwa hiyo kichwa kinaweza kutoboka-toboka kwenye picha ya umbali. Dawa yake ni kulainisha picha na kuziba matundu madogo kabla hujaitumia. Fimbo nyembamba nayo ikiwa mita tatu inaweza kupotea. Usibuni kitendo kinachotegemea fimbo.

TaaZaJukwaa

Naongezea upande wa taa maana ndiyo kazi yangu. Taa za jukwaani za zamani, zile za halojeni, zinatoa infraredi nyingi. Ukizielekeza kwenye eneo la mchezo kihisi kinapofuka. Za LED zinatoa kidogo sana. Na mashine ya moshi ikipuliza kuelekea kwenu, imekula kwenu, kihisi kinauona moshi kama ukungu mbele ya watu. Mwambieni mwenye tukio mapema.

Mkuu, vipi kuhusu jua? Matukio mengi huku yanaanza saa nane mchana.

FundiSkrini

Hayo ya taa na moshi ni kweli tupu, asante mkuu.

Jua lina infraredi nyingi kuliko kihisi chochote. Kinect ya kwanza nje mchana haioni kitu. Ya pili inavumilia kivulini, juani inalegea. RealSense za D400 zinalinganisha picha za kamera mbili kama macho mawili, hizo juani zinafanya kazi. Lakini tatizo lingine liko palepale: projekta haishindani na jua. Kwa hiyo mchana uwe ndani ya hema jeusi au ukumbini, au ukodi skrini ya LED. La sivyo subiri jua lizame, na huku kwetu karibu na ikweta linazama mwaka mzima kati ya saa 12 na robo na saa moja jioni, halicheleweshi. Saa moja na robo giza limeshaingia na watu bado wapo.

Ukianza magharibi kukiwa na mwanga kidogo, usielekeze kihisi magharibi. Ukuta ukiwa upande wa mashariki, kihisi kinatazamana na jua uso kwa uso. Ukiwa magharibi, jua linapiga nyuma ya kitambaa na picha inafifia. Weka ukuta upande wa kaskazini au kusini. Kule Moshi mjini ukuta tunauweka kaskazini, watu wakiutazama wanautazama na mlima.

Mama_Filamu_Njiro

Kijana wangu, nimesoma yote na nakubali ni kitu kizuri. Ila mimi nimeshatangaza filamu miaka mingi, na nitasema wazi: fedha ya kukodi projekta, jenereta na mafundi ingetosha matangazo ya redio na gari la matangazo mitaani wiki nzima. Redio inafika Mererani, inafika Same. Ukuta wako unafikia waliosimama pale tu. Unanishawishije?

FundiSkrini

Shikamoo mama. Hoja yako ina uzito na sitaipinga yote. Filamu ikiwa na bajeti ya kitu kimoja tu, weka redio.

Ila naomba uangalie mambo mawili. Kwanza, ukuta hauna maana mahali pasipo na watu tayari. Sisi hatuiti watu, tunakwenda waliko. Huku tuna maonyesho ya Nane Nane kule Themi kila Agosti, tuna Kilimanjaro Marathon pale Moshi mwishoni mwa Februari au mwanzoni mwa Machi, tuna mikutano ya AICC, kile kituo cha mikutano ya kimataifa hapa Arusha. Filamu ya Royal Tour ilipozinduliwa AICC Aprili 2022, ukumbi ulikuwa umejaa watu wa utalii ambao wangesimama mbele ya ukuta wowote. Mkusanyiko umeshalipiwa na mwingine.

Pili, redio inamwambia mtu kuna filamu, halafu anasahau mpaka siku ya kuonyeshwa. Kwenye ukuta tiketi inauzwa hatua chache kutoka alipokuwa amesimama. Meza iko kulia, binti ana lipa namba kwenye kibao kikubwa. Kipande cha filamu kikiisha ukutani, yeye anasema "Karibuni, mwendelezo ni Jumamosi," na wale wanne walioziba mfereji pamoja wanakata pamoja, kwa sababu tayari ni kundi, hata kama walikuwa hawajuani. Meza ya tiketi ikiwa mbali, nakubaliana na wewe mama, fedha imepotea.

Mama_Filamu_Njiro

Marahaba. Hilo la meza nimelielewa. Kundi hununua pamoja, hata pale dirishani sinema ndivyo ilivyo. Nitakuja kuangalia.

Mwalimu_UsaRiver

Ndugu mwanzisha uzi, mimi nina jambo la wazazi. Watoto wetu watasimama mbele ya kamera. Picha zao zinakwenda wapi?

FundiSkrini

Mwalimu, hili lingepaswa kuulizwa na kila mwenye tukio. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na picha ya uso wa mtu inayomtambulisha ni taarifa binafsi. Sisi tumezima kabisa kamera ya rangi ya Kinect. Kinachoingia kwenye kompyuta ni picha ya umbali, inageuzwa kivuli papo hapo, na hakuna kinachohifadhiwa. Tunachoandika ni namba tu: saa fulani, watu wangapi walisimama, pengo lilizibwa au halikuzibwa. Na kuna kibao kinachosomeka kwa Kiswahili cha kawaida: "Ukuta huu unaona kivuli chako, hauhifadhi picha yako." Weka kibao kabla ya mtu kuingia eneo la mchezo, usikifiche nyuma ya spika.

Wanaotaka kuwapiga watu picha na kuzirusha mtandaoni, hilo ni suala jingine. Waombe ruhusa waziwazi, na kwa mtoto uombe mzazi.

Na filamu yenyewe pamoja na kipande unachoonyesha hadharani viwe vimepita Bodi ya Filamu. Kuwa na teknolojia nzuri hakukuondolei hilo.

Kijana_wa_Majengo

Mkuu, rudi kwenye mantiki. Maji yanajuaje kwamba mtu yupo? Na unatumia programu gani?

FundiSkrini

Programu: natumia Processing, ya kuandikia picha zinazotembea kwa kodi, ilianzishwa 2001 na Casey Reas na Ben Fry, ni bure hata kwa kazi ya biashara. TouchDesigner ni nzuri na ina kasi, ila toleo lake la bure si la biashara na linaishia pikseli 1280 kwa 1280. Kutangaza filamu ni biashara, kwa hiyo leseni ilipiwe.

Mantiki ni rahisi kuliko inavyoonekana. Kila pikseli ya picha ya umbali ni namba ya milimita. Programu inapita pikseli zote, zaidi ya laki mbili, na kuuliza: uko kati ya 1200 na 3500? Ndiyo, paka nyeupe. Hapana, paka nyeusi. Hapo umeshapata kivuli. Maji ni matone maelfu, kila tone lina mahali na mwendo. Kila mara tone linapotaka kushuka linaangalia pikseli iliyo chini yake. Ikiwa nyeusi, linashuka. Ikiwa nyeupe, linateleza upande wenye mteremko. Basi. Umbo la bega linajitengenezea mkondo lenyewe.

Kitu cha kulinda kwa nguvu zote ni ucheleweshaji. Mtu akisogeza mkono na maji yakafuata baada ya zaidi ya sehemu ya kumi ya sekunde, mwili wake unakataa, anaona anaangalia vidio ya mtu mwingine. Punguza matone kabla hujapunguza kasi. Na kwenye projekta au televisheni tafuta hali ya mchezo (game mode) uiwashe, maana vifaa vingi hupamba picha kwanza kabla ya kuionyesha, na pambo hilo linakula muda.

Na ukuta ukiwa hauna mtu usiuache ukiwa umelala. Kihisi kidogo cha joto, kile cha HC-SR501 kinachofungwa na Arduino (kibodi kidogo cha kielektroniki kinachopangiwa programu), kinamwona mpita njia mita kadhaa kabla hajafika, ukiweka sauti ya maji ianze taratibu. Kinategemea tofauti ya joto la mwili na la mazingira, kwa hiyo mchana wa Moshi kikiwa kwenye joto kali kinaona karibu kuliko usiku wa Arusha mwezi wa saba. Kipime palepale siku ileile.

Binti_wa_Pasua

Swali la mwisho kutoka kwangu. Watu wakisimama mbele ya projekta si wanatupa kivuli cha kweli juu ya picha? Kivuli juu ya kivuli?

FundiSkrini

Ndiyo dada, na ndiyo maana projekta yetu iko nyuma ya kitambaa. Tunatumia kitambaa cheupe kinachopitisha mwanga, kimevutwa kwenye fremu ya mabomba, na picha tunaigeuza kushoto kulia kwenye projekta yenyewe. Inataka nafasi nyuma: projekta ambayo inahitaji mita 3 kutoa picha ya upana wa mita 2 itataka mita 6 kwa picha ya mita 4, kwa hiyo tafuta zile za umbali mfupi. Kihisi kinakaa mbele, chini ya ukingo wa kitambaa, kimeinuliwa kidogo. Kinect ya pili kwa umbali wa mita 3 inaona upana wa kama mita 4, kwa hiyo eneo la mchezo ni hilo, na tunalichora chini kwa utepe mweupe. Watoto wakae mbele ya watu wazima, la sivyo vivuli vyao vinamezwa.

Umeme: kompyuta na kihisi viwe kwenye UPS, ile betri ya akiba inayoshika umeme ukikatika. Projekta ya taa ya kawaida nayo iwe kwenye UPS, kwa sababu umeme ukikatika ghafla feni inasimama taa ikiwa bado ya moto, na taa inakufa mapema. Kebo zote zipite juu au zifunikwe, maana vumbi na miguu ya watu havina huruma.

TaaZaJukwaa

Mkuu, mkija Moshi mnipe taarifa. Nina taa za LED za kutosha eneo lile na fremu ya mabomba ya mita 5. Kodi tutaelewana.

FundiSkrini

Nakutumia ujumbe sasa hivi mkuu. Fremu ya mita 5 ndiyo tuliyokuwa tunaitafuta, pengo la mfereji litaongezeka na tutahitaji watu watano kuliziba.